Hasidi Bila H

"Mimi hasidi, fundi? Mimi niliyekuazima jiko, ndoo, mpaka viti vya msiba wa mkweo?"

"Sijasema mimi, Mama Siki. Wamesema watoto."

"Mtoto ni redio tu, jirani. Mimi namtaka aliyeshika kipaza sauti!"

Fundi cherehani alikuwa dirishani kwake, utepe wa kupimia shingoni, kicheko kakibana kwenye meno. Mama Siki, anayepika siki na kuiuza mtaa mzima, alikuwa amesimama mlangoni pa ua wake, kufuli mkononi. Tukaacha vyombo, tukatoka. Mimi nilikuwa namsuka mteja. Nikatoka naye hivyohivyo, nusu kichwa kimelala, nusu kimesimama wima.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana wa chuo, timu ya sayansi, huja kila Jumamosi kuwafundisha watoto kwa vitendo katika ua wa Mama Siki, maana ndio wenye bomba na kivuli. Siku hiyo walichemsha kabichi ya zambarau, wakawatuma watoto walete chochote cha majimaji kutoka majumbani. Ukikitia kwenye maji ya kabichi yakawa mekundu, hicho ni asidi. Kiongozi wao, binti mwembamba mwenye miwani, akawa anainua kikombe kimoja kimoja, na watoto wanaitikia kama kwaya.

"Cha fundi?"

"Si asidi!"

"Cha msusi?"

"Si asidi!"

"Cha Mama Siki?"

"Asidiii! Asidi kabisa!"

Mwenyewe yuko jikoni, nyuma ya ukuta, anasikia. Na mtaani kwetu herufi h ni kama maji ya bomba: leo ipo, kesho haipo.

"Haya, bebeni kabichi yenu," alisema sasa. "Nafunga, na msirudi tena."

Watoto wakanywea. Yule binti akabaki anayatazama masufuria yake. Nimeshamsuka mara mbili, habari zake ninazo zote: uwanja wa mpira walifukuzwa, ukumbi walinyimwa. Ua huu ukifungwa, darasa limekufa.

"Mama," akasema, "ni asidi. Haina h. Ndiyo ukali wenyewe wa siki. Siki isiyo na asidi ni maji tu."

Kufuli likashuka kidogo. "Hebu rudia hapo mwisho."

"Siki isiyo na asidi ni maji."

Sasa, mtaa mzima unajua ni nani huwanong'oneza wateja kwamba siki ya Mama Siki imezidi maji. Fundi akakumbuka ghafla ana suruali ya kupiga pasi.

"Fundi, baki hapohapo! Binti, ukali mnaweza kuupima?"

Wanaweza. Chupa mbili, siki kiasi kilekile: moja ya dukani, ile fundi anayoisifu, nyingine ya Mama Siki. Kila mdomo wa chupa ukavishwa puto lenye magadi ndani. Watoto wakainua maputo, magadi yakamwagika, povu likachachamaa. Puto la dukani likavimba kama shavu la mwenye jino bovu, likaishia hapo. La Mama Siki likavimba, likavimba, likachomoka, likapaa mpaka dirishani na kumtemea fundi povu usoni.

Mteja wangu alicheka mpaka nusu niliyomsuka ikaanza kufumuka.

"Semeni tena, wanangu! Mama Siki?"

"Asidiii!"

"Sauti! Wa barabarani hawajasikia!"

"ASIDIII!"

Kufuli akalitupia kwenye mfuko wa gauni, ufunguo akamtia mkononi binti wa miwani. Kisha akamgeukia fundi, aliyekuwa akijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Na wewe, mtangaza maji, neno hilo kwako lina h au halina?"

"Lina, Mama Siki," fundi akajibu kwa unyonge. "Tena kubwa."

"Haya, nawa uso, hasidi wangu, uingie ule. Chakula kinapoa."