Mambo ya Nyumba

Maisha ya Kunda yaliharibika siku ya kazi mbili ya juma, tarehe kumi na ine ya mwezi wa tano, mwaka wa 2019. Ku hospitali, munganga mumoja wa Kifaransa mingi alisikiliza moyo wake kidogo tu, akasema: "Pas d'effort." Kisha akatoka. Bakubwa ni vile: wanatupa neno, kuokota ni shida yako.

Muuguzi, mutoto wa kike, akamutafsiria: "Papa, kazi ya nguvu hapana tena."

Kunda akatazama viatu vyake. Mutu muzima anauliza mambo ya kitanda namna gani mbele ya mutoto? Akafunika neno vile bazee wanafunika: "Na mambo ya nyumba?"

"Ya nyumba? Ile utaachia mama!"

Tangu siku ile akalala kwa salon, juu ya musambi, mukeka wa chini. Chileshe, bibi yake, aliendelea kumupashia maji ya koga kila magaribi, na kujifunga ile pagne yake, kitenge ya maua ya njano. Kunda alikoga, akashukuru, akageukia ukuta. Mvua ya mwaka wa tatu, malaria ikamubeba Chileshe.

Sasa jirani yake Léonard, mugonjwa wa moyo kama yeye, vidonge vilevile, asubui anatoka inje kusugua meno na pagne ya Nono, bibi yake, kiunoni, alama ya bwana mwenye kutoka ku kitanda ya bibi. Pagne ya Nono! Kunda akiiona, mate inakuwa chungu. Ya Chileshe iko katika sanduku, imekunjwa.

Siku moja wivu ikamushinda.

"We Léonard, hauogope kufa? Myaka makumi saba, moyo mubovu, na bado unavaa pagne ya bibi?"

"Mukubwa, we unahesabia watu pagne?" Léonard akacheka, povu ya dawa ya meno ku ndevu. "Docta wangu wa ku mutaa wa Golf aliniuliza: unapanda ngazi ya étage mbili, gorofa mbili, bila kuhema? Nikasema ndiyo. Akasema, basi, ata na mama unaweza, pole pole. Kifua ikiuma, acha. Na ile dawa ya nguvu ya kiume ya ku soko usiiguse, sababu ikichangana na hii ya moyo zitakuua."

"Mimi walinikataza. Niliuliza muuguzi, mutoto wa kike, mambo ya nyumba, akasema niachie mama."

Léonard akatoa muswaki kinywani. "Mambo ya nyumba? Ule mutoto alisikia kufagia na kuteka maji, sha!"

Ndani, Nono akapasuka na kicheko. Kunda akasimama pale kama mutu amepigwa kofi mbele ya watu. Ngazi ya étage mbili! Yeye alikuwa anapanda ya étage tatu, kila mwezi, kufuata dawa ku hospitali ileile, na hakuna ata mumoja wao alimuuliza.

Akarudi kwake, akafungua sanduku. Pagne ilikuwa bado na arufu ya sabuni yake. Akakumbuka ile magaribi Chileshe alisimama ku mulango wa salon, maji ya koga imeshapoa, akamuuliza swali moja tu, na yeye, kwa haya, akajifanya amelala:

"Kunda, ni moyo yako ndiyo inanikatala, ao ni weye?"