Nenosiri la Mwenyekiti Temirkul

Manispaa ilipotufungia waifai ya bure uani, kwenye nguzo ya taa kati ya bembea na kamba za kuanikia nguo, waliofurahi zaidi ni akina mama wenye wana Moscow. Hapa mjini Osh, mbali kusini mwa Urusi, katika jengo letu, karibu kila mlango una mtu wake Urusi, anabeba matofali au anazoa theluji ya wenyewe. Jioni benchi lilijaa. Zuurakan wa ghorofa ya chini alikuwa akimwonyesha mwanawe sufuria ya pilau kwenye simu, makusudi, ili roho imuume arudi nyumbani.

Raha hiyo ilikatika siku mwenyekiti wa jengo, Temirkul, alipotazama kipindi cha televisheni kuhusu wezi wa mitandaoni. Temirkul aliwahi kuwa naibu msimamizi wa ghala la pamba, na mpaka leo anatembea kama mtu mwenye funguo za dunia kiunoni. Alishuka uani katika joto la Julai, kofia yake ndefu ya sufu kichwani.

"Jamani, hii waifai iko uchi!" alitangaza. "Mtu yeyote anaweza kukaa hapa akasoma siri zenu."

"Siri gani, kaka Temirkul?" Zuurakan akamuuliza. "Kwamba mkwe wangu hajui kukanda unga? Hiyo mbona nimeshaitangaza mwenyewe."

Benchi zima likacheka. Temirkul hakucheka. Kwa kuwa manispaa ilimkabidhi yeye usimamizi wa kile chombo, kesho yake akakifunga kwa nenosiri.

Hatari ipo kweli, sikatai. Hata mimi mambo ya benki siyafanyii benchini. Lakini ulinzi wa Temirkul ulikuwa wa aina yake. Ukitaka nenosiri, panda mpaka mlangoni kwake, vua viatu, jieleze.

"Unalitakia nini?"

"Kumpigia mwanangu."

"Jana si uliongea naye?"

Akisharidhika, anakunong'oneza. Nenosiri la kwanza lilikuwa "temirkulmlinziwetu". Bibi wazima, miwani puani, wakawa wanadonoa sifa zake kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. Hawajamaliza kulizoea, akalibadilisha kuwa "asantetemirkul".

"Mimi simwandikii maombi mwanamume huyu," alisema Zuurakan, akarudi jikoni kwake.

Huko jikoni simu ikamwonyesha mtandao mwingine, una nguvu kuliko ule wa uani. Ulikuwa wa nyumbani kwa Temirkul, juu tu ya dari yake.

"Nikasema ngoja nijaribu," alinisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. "Nikahesabu moja, mbili, tatu, mpaka nane. Ikafunguka!"

Hilo ndilo nenosiri lililokuja na kisanduku chake cha intaneti kutoka dukani, na Temirkul hakuwahi kuligusa. Mkewe, Asylkan, alimshauri mara kadhaa alibadilishe, akajibiwa kwamba hajazaliwa wa kumwibia Temirkul. Wiki haikuisha, jengo zima likawa ndani.

Temirkul akaanza kuteseka. Intaneti yake ikawa inatambaa. Aliwapigia kelele watu wa kampuni, akailaumu milima, akalilaumu jengo jipya la ng'ambo ya barabara. Akakihamisha kisanduku kutoka sebuleni hadi juu ya kabati, kisha dirishani. Hapo dirishani tulimshukuru kimoyomoyo, maana sasa ilishika mpaka kwenye gereji.

Ndipo manispaa ikamwalika azungumze kwa video kwenye mkutano wa wenyeviti, mada ikiwa ulinzi wa mitandao. Alibandika tangazo kila mlango: kila mkazi atazame. Alivaa tai, Asylkan akakaanga vitumbua vya kupongezana.

Tulitii. Tulitazama sote, kila mtu na simu yake, kupitia intaneti ya Temirkul mwenyewe.

"Ndugu wenyeviti," akaanza, "usalama huanzia nyum—"

Akaganda, mdomo wazi, macho nusu, kama mbuzi anayesubiri sindano.

"Haloo! Mnanisikia?" Sauti sasa ilitoka dirishani.

"Tunakusikia, kaka!" Zuurakan akapaza sauti kutoka chini. "Ila picha imekwama!"

Kichwa cha Temirkul kikachomoza. "Wewe unaonaje picha? Nenosiri la uani nimelibadilisha asubuhi!"

"Natumia ya kwako. Nimehesabu mpaka nane tu."

Mtu wa ghorofa ya nne akaangua kicheko, na madirisha yote yakafuata.

"Wezi wakubwa!" alifoka Temirkul. "Asylkan, badilisha pasiwedi sasa hivi!" Akashuka uani kutugombeza.

Asylkan akabadilisha. Mumewe aliporudi juu na kuomba nenosiri jipya, mama wa watu aliendelea kukunja nguo.

"Unalitakia nini?"

"Asylkan, usinitanie. Wenyeviti wananisubiri!"

"Fungua kwanza ya uani. Wenzio wana watoto mbali."

Akasusa. Kesho yake mieleka anayoipenda ilikuwa ionyeshwe mtandaoni, na kabla haijaanza waifai ya uani ikawa wazi kwa kila mtu.

Katika mkutano wa jengo uliofuata, Temirkul alisimama akatushukuru kwa kuunga mkono kampeni yake ya intaneti kwa wote. Tukapiga makofi, tungefanyaje? Zuurakan tu hakupiga. Alikuwa anaongea na mwanawe, akatuashiria kwa mkono tupunguze kelele.