Aliyeketi Nyuma ya Bi Vikombe

Mtoto aliyelisema neno lile alikuwa bado hajui hata kufunga kamba za viatu vyake. Alisimama juu ya kiti katikati ya baba na mama yake, kidole kimoja puani, akamtazama Bi Vikombe kama mtu anayemwonea huruma.

"Bibi," akasema, "limau liko mapajani kwako."

Bi Vikombe alikuwa hajafunua kikombe bado. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya meza, umeshika kikombe cha bati. Wa kushoto ulikuwa chini, na limau limo humo humo. Meza nzima ikacheka. Meza ya jirani nayo ikacheka, na wao hawakuwa wameona kitu. Kicheko ni kama miayo, hakiulizi sababu.

Kazi yake ilikuwa kiinimacho, na ndani ya kazi hiyo alikuwa amezeeka. Kila Jumapili mchana alizunguka katika hoteli ile, meza hadi meza, na vikombe vyake vitatu na vijipira vya uzi alivyofuma mwenyewe. Kijipira kinaingia hapa, kinatokea pale. Kinasagwa kiganjani, kinaokotwa chini ya kikombe cha katikati. Halafu mwisho, mtu akishajiona mwerevu, kikombe kinafunuliwa na chini yake limekaa limau zima, limejaa kikombe mpaka unajiuliza limeingiaje. Hapo watu wazima hushika vinywa. Kwa ajili ya kule kushika vinywa, Bi Vikombe aliamka asubuhi na magoti yake mabovu.

"Nani kakwambia, mjukuu wangu?" Sauti ilikuwa ya upole, moyo unatokota.

"Mama anayo kwenye simu."

Mama mtu aliona haya, lakini haya za siku hizi hazizuii mkono. Akaitoa simu, akamwonyesha.

Palikuwa na mgongo wa mwanamke. Kola ya gauni la kijani, kisogo, na chini huko mapajani kijifuko kimeachama kama kinda la ndege. Mkono wa kushoto unaingia, unatoka na limau, polepole, maana aliyeiweka video aliipunguza mwendo ili hata asiyetaka aone. Bi Vikombe hakuutambua mgongo ule. Nani anaujua mgongo wake? Alichokitambua ni kitufe cha kola, kile cheupe alichokishona kwa uzi mwekundu siku alipokosa mweupe.

Kitendawili: nyumba yangu naifunga mbele, mwizi kapita nyuma, na ufunguo nilimpa mwenyewe. Bi Vikombe hakuhitaji kufikiri. Jibu lake wakati ule lilikuwa nyumbani linakunja nguo.

Maana kiinimacho kina uso na kina kisogo. Ukikaa mbele unaona maajabu, ukikaa nyuma unaona mkono. Marehemu mumewe, aliyemfundisha, alikuwa na neno lake: mbele ni pa mgeni, nyuma ni pa ndugu. Basi nyuma ya Bi Vikombe kilikaa kiti kimoja tu, miaka yote, na aliyekikalia ni dada wa marehemu, wifi yake, ambaye alimshikia mkoba na kitambaa cha kufutia jasho. Jumapili hii wifi alisema kichwa kinamuuma.

Meneja alimvuta pembeni. Alikuwa kijana mwenye tai fupi na adabu ndefu.

"Mama, sikufukuzi. Lakini wageni wanamaliza kucheka kabla hujaanza. Nimeletewa televisheni kubwa, na ukuta wako pale ndio unaoifaa."

"Ukuta wangu."

"Njoo Jumapili ijayo, mama yangu. Mtoto mwingine akikutegulia mbele ya watu, tuagane kwa wema."

Hakupanda gari kurudi nyumbani. Hasira ilimtembeza kwa miguu, na magoti yakasahau kuuma.

Wifi alikuwa na shuka mkononi. "Wifi, mbona mapema?"

"Nimerudi uchi."

Wifi alilitazama gauni la kijani, lipo mwilini, akataka kucheka. Kisha akaiona sura iliyokuwa juu ya kola, akaweka shuka chini. Hakukana. Hilo nalo lilizidi kumkera Bi Vikombe. Alikuwa amejiandaa kukanwa.

"Nilikuwa nasubiri unishukuru," wifi akasema.

"Nikushukuru."

"Ndiyo. Wewe hujui yanayosemwa, ukipita wananyamaza. Mwenye duka anasema unafuga majini. Mama wa nyumba ya pili kawakataza wanawe kupokea pipi mkononi mwako. Jamaa wa maombi walikuja hapa wewe uko kazini, wanataka vikombe wakavichome. Bati, wifi. Wanataka kuchoma bati. Nikasema haya, ngojeni. Nikawawekea video. Leo kila mtu anajua ni mkono na kijifuko, jini hamna. Nimekusafisha."

Bi Vikombe aliketi. Habari za majini hakuanza kuzisikia leo. Kuna shule iliwahi kumrudisha getini, mwalimu mkuu akimwambia athibitishe kwanza kwamba si uchawi, aonyeshe anavyofanya. Akionyesha, hana cha kufanya tena. Asipoonyesha, ni mchawi. Alimjibu kama alivyowajibu wote: ni mkono wangu na macho yako. Mwenye moyo mwema, jibu hilo lilimtosha. Asiye nao, hata ungempasulia mkono atazame ndani, angesema jini limejificha kwenye mfupa.

"Mtu akiniita mchawi," akasema, "mimi najua si mchawi. Namsalimia, napita. Na sasa wananiitaje?"

"Mjanja."

"Mwongo, wifi. Wananiita mwongo. Mtoto mwenye kamasi leo amenionea huruma."

"Bora huruma kuliko moto."

"Ukitegewa kitendawili na hujui, unafanyaje?"

"Natoa mji."

"Unatoa mji, ndipo unaambiwa. Ndiyo bei yake tangu mababu. Wewe umewagawia jibu, na hakuna aliyetoa hata kibanda."

Wifi akachemka naye. "Vikombe si vya kaka yangu? Alipokuwa anajifunza, nani alimshikia kioo?"

"Wewe."

"Nani aliingia uvunguni kumwokotea vijipira?"

"Wewe. Ndiyo sababu ulikaa nyuma. Siri ya kaka yako hukumwambia hata mumeo, mpaka akakudhania una bwana pembeni. Leo umeipa mwenye duka."

Wifi aliliokota shuka akaanza kulikunja upya, akalikunja vibaya. "Najua sasa utaniambia kikulacho ki nguoni mwako."

"Sikwambii hivyo. Kiroboto huuma, nguo akamwachia mwenyewe. Wewe umenivua."

"Nitaifuta."

"Ifute."

"Nimeshaifuta tangu jana. Ila wenzangu wameichukua. Wameitia muziki."

Hawakusemezana tena siku ile, wala zilizofuata.

Bi Vikombe alijifungia na kioo. Alijaribu kamba, karata, leso, na kila alichokishika alikiona kimeshaanikwa. Kikombe kimoja alikibamiza ukutani kikaingia bonde. Kilichomuuma si kile kijifuko. Kilichomuuma ni kidole gumba. Kukifundisha kidole gumba kimoja kutulia mwenzake anapotembea, alikuwa amekula ujana wake. Alijifunza akiwa na mimba, akanyonyesha huku mkono mwingine unazungusha kijipira. Na mtu aliyejinyoosha kitandani anakuja kuyatazama yote hayo kwa kidole gumba chake yeye, anasema kumbe ni hivyo tu, anapita kwenda kutazama paka.

Hivyo tu. Alilitamka mbele ya kioo kwa meno. Akamwona yule mtoto juu ya kiti. Jumapili atasimama pale pale, na macho yake yatakuwa wapi? Mapajani. Na ya baba yake? Mapajani. Na ya meneja?

Mkono wa Bi Vikombe ukasimama hewani. Alicheka, na hakikuwa kicheko cha kumpa mgeni.

Jumapili wifi alikuwa mlangoni tayari, amevaa vizuri, amebeba mkoba. Bi Vikombe hakumkaribisha wala hakumfukuza. Waliongozana kama watu wawili wasiojuana.

Familia ya yule mtoto ilikuwepo, na safari hii walileta mashemeji waje kucheka nao. Meneja aliegemea ukuta, na televisheni chini miguuni mwake, ingali na nailoni. Bi Vikombe alisalimia wakubwa kwa wadogo. Akainama kwa mtoto. "Njoo nikufunge kamba, mjukuu wangu, utaanguka." Akamfunga, akampigapiga mguu, akaenda kuketi. Wifi akakaa nyuma.

Kijifuko alikifunga kiunoni hadharani. Hakikuwa kile cha zamani. Kilikuwa kipya, kikubwa, chekundu kama ulimi. Mashemeji wakakanyagana miguu.

Alianza. Kijipira hapa, kijipira pale. Hakuna aliyejali. Walikuwa wanangoja mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ukawangojesha. Ulikuna sikio. Ulipanga vikombe. Kisha ukaanza kushuka, polepole, kama mwizi aliyelewa. Shemeji mmoja akasimama. Mwingine akaingiza simu chini ya meza. Meneja akanyoosha shingo.

"Mapajani," mtoto akapiga kelele. "Mapajani, mapajani."

"Unaona nini mapajani, mjukuu wangu?"

"Limau."

Bi Vikombe akakigeuza kijifuko nje ndani, juu ya meza, mbele ya wote. Ikaanguka kamba ya kiatu. Ndogo, ya bluu.

Watu wakaitazama ile kamba. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakainama chini ya meza kutazama kiatu cha mtoto, na mtoto mwenyewe akainama zaidi ya wote. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba. Kingine kilikuwa kimeachama wazi.

Walipoinua vichwa, Bi Vikombe alikuwa amekunja mikono kifuani. "Funua," akamwambia mtoto.

Cha kwanza, limau. Cha pili, limau. Cha tatu, kile chenye bonde, limau lilikwama, ikabidi baba mtu alivute.

Nawe msomaji usiniulize yalipitia wapi. Hujanipa mji. Nitakwambia hili tu: macho yote yalipokuwa chini, juu ya meza palibaki bila mlinzi.

Hapakuwa na kicheko. Mama wa mtoto alishika kinywa. Shemeji aliirudisha video yake nyuma, akairudisha tena, na kila mara alikuta kiatu. Meneja akaisukuma televisheni kwa mguu.

"Mama, Jumapili ijayo uje mapema."

"Na hicho kitu chako kitafutie ukuta jikoni."

Watu walipotawanyika, wifi alimsogelea kwa nyuma, akanong'ona. Naye alikuwa ameinama. Naye alikuwa ametazama kiatu. "Wifi, umefanyaje?"

"Nipe mji."

Wifi akacheka kwa kupumua, akidhani yameisha. Akautaja mji mkubwa.

"Mdogo."

Akataja mkubwa zaidi.

"Mdogo."

Akaitaja yote aliyowahi kuisikia, hata ya ng'ambo, mpaka sauti ikapungua. "Basi, wifi. Sina mwingine."

"Ulikuwa nao mmoja. Ulikuwa umeukalia."

Bi Vikombe alisimama, akakichukua kile kiti cha nyuma yake, akakibeba mwenyewe mpaka upande wa wageni, akakiweka mbele ya meza. "Utakaa hapo," akasema. "Utaona kama wanavyoona wenzako."

Kisha akavuta kiti chake nyuma, akakiegemeza ukuta ule uliokuwa utundikwe televisheni, akaketi. Mgongo ukagusa ukuta. Ulikuwa wa baridi, na haukumshikia mkoba.