Mteja Amalizie

Ukutani, juu ya simu ya mezani ambayo haikufanya kazi tena, kilining'inia kioo kidogo chenye fremu ya plastiki. Mwalimu alikileta nyumbani siku aliyostaafu, ndani ya boksi lenye stepla na vikombe viwili. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amewafundisha vijana wa benki kuongea na wateja kwenye simu, na kila meza ya darasa lake ilikuwa na kioo cha namna hiyo. Mteja hakuoni, aliwaambia, lakini anasikia ukinuna. Mtazame huyo aliye kwenye kioo. Akitabasamu, ndipo uinue simu.

Somo la pili lilikuwa glasi ya maji. Ukishauliza swali, kunywa maji, usiseme neno. Kimya kikirefuka, mteja mwenyewe atakijaza. La tatu ndilo alilojivunia kuliko yote, kwa kuwa alilibuni mwenyewe: usimdai mtu namba zake kama askari. Anza wewe, yeye amalizie. Tarakimu za mwanzo za kadi zinafanana kwa wateja wote wa benki, hivyo ukizitaja hujatoa siri ya mtu, na mteja anaona kwamba unamfahamu. Zitaje nne, kisha nyamaza. Vijana walicheka, wakajaribishana wao kwa wao, wakaona kweli mdomo wa mtu haupendi jambo liachwe nusu.

Kwenye karatasi za mshahara aliandikwa kwa majina yake matatu, lakini darasani alikuwa Mwalimu tu, na jina hilo likamfuata mpaka mtaani.

Sasa aliishi na mama yake, aliyekuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Operesheni ingekuwa imekwisha fanyika kama si ile simu aliyopigiwa mdogo wake Mwalimu. Huyo mdogo alikuwa fundi cherehani, mwanamke mkimya na mgumu wa kutoa pesa, na kwa sababu hiyo hasa ndugu zake walimkabidhi mchango wa matibabu ya mama auweke kwenye akaunti yake. Mpigaji alisema anatoka benki, kitengo cha usalama. Kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti. Tafadhali athibitishe namba iliyotumwa kwa ujumbe. Fundi akathibitisha. Kabla hajamaliza kupindia suruali iliyokuwa mbele yake, mchango wa mwaka mzima ulikuwa umeyeyuka.

Katika kikao cha familia Mwalimu hakuwa na simile. "Mimi hata uniamshe usingizini siwezi kutaja namba ile," alisema mbele ya mama na kaka yao. "Wewe umeimwaga mchana kweupe. Akili yako ilikuwa wapi?"

"Aliongea vizuri, dada."

"Wezi wote wanaongea vizuri. Ni wewe tu uliyemsikiliza."

Fundi alikuwa amekuja na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Aliuvua, akauviringa taratibu mpaka mwisho, akamuaga mama na kwenda zake. Hakukanyaga tena nyumba ile. Mchango ukaanza upya, safari hii kwenye akaunti ya Mwalimu, na kila Jumapili mama aligeuza uso kuelekea mlangoni akauliza, "Mwenzako hajaja?" Mwalimu akajibu kwamba ana kazi nyingi. Ulikuwa uongo mdogo, nao ulimtosha kwa miezi mitano.

Zilibaki siku tisa kabla ya tarehe mpya ya operesheni. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na Mwalimu alikuwa akimkata mama kucha pale simu yake ya mkononi ilipoita.

"Habari za asubuhi, mama. Samahani kwa kukusumbua. Naongea kutoka benki, kitengo cha usalama."

Mwalimu alimjua palepale kuwa ni mwizi. Angeweza kukata. Lakini alikuwa amekaa miaka miwili bila mwanafunzi hata mmoja, na akaona amchezee kidogo kijana huyu, amsikilize kama anavyosikilizwa mtahiniwa. Salamu: nzuri. Kuomba radhi: vizuri, tena mapema. Sauti haikuwa na haraka wala haikumpaka mafuta. Akampa alama saba kati ya kumi.

"Kuna mtu anajaribu kutoa pesa kwenye akaunti yako muda huu," sauti ikaendelea. "Tumemzuia kwa dakika chache tu, mama. Tukikosa uthibitisho wako, mfumo utamwachia."

Mwalimu akatazama macho ya mama, yale maziwa yaliyotanda kwenye mboni. Je, kama ni kweli? Enzi zake walikuwa wakipiga simu za kweli za namna hii. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya vijana wakizipiga.

"Kadi yako ni nne, mbili, sifuri, saba..." ikasema sauti, halafu ikanyamaza.

Mdomo wa Mwalimu ukamalizia. Ulimalizia tarakimu zote zilizobaki, kwa moyo, bila kukosea hata moja, kwa maana alikuwa mtu wa namba tangu utoto.

"Ahsante sana, mama. Sasa utapata ujumbe wenye namba sita. Utanisomea. Usiwe na haraka, niko hapa mpaka tumalize."

Simu ikatetemeka mkononi. Mwalimu akaiweka kwenye spika, akavaa miwani. "Tano," akasoma. "Moja. Nane."

Ndipo akasikia upande wa pili mtu akimeza maji, na glasi ikitua mezani.

Kidole chake kikaganda juu ya tarakimu ya nne.

"Nani amekufundisha kunywa maji?" akauliza.

Kimya. Mwanzoni kilikuwa kimya cha kazi, kile alichokifahamu. Kisha kikawa kimya cha mtu aliyeshikwa.

"Shikamoo, Mwalimu," sauti ikasema polepole.

"Marahaba," Mwalimu akaitikia, neno likiwa limekwisha mtoka kabla hajalizuia. Simu ikakatika.

"Nani huyo?" mama akauliza, mkono wake ukiwa bado umenyooshwa, kucha tatu zikiwa hazijakatwa.

"Mwanafunzi wangu wa zamani."

"Ana adabu. Siku hizi watoto hawaamkii."

Mwalimu aliitoa kadi kwenye pochi, akapiga namba iliyochapishwa nyuma yake. Alipokea msichana. Kadi ikafungwa, pesa zilikuwepo zote. Katikati ya shughuli hiyo Mwalimu alipotafuta kitambulisho chake kwenye droo na kuomba radhi kwa kumchelewesha, msichana akasema kwa upole, "Usiwe na haraka, mama, niko hapa mpaka tumalize."

Alisikiliza kwa makini, akitafuta tofauti kati ya sauti ya huyu na ya yule. Hakuipata. Maneno yalikuwa ni yale yale, yamewekwa mahali pale pale, na yule aliyeyaandika jioni moja nyuma ya karatasi ya ratiba, akafurahi yalivyokaa vizuri, alikuwa yeye. Sauti ya yule mwizi ilikuwa ya mmoja wa vijana wake, lakini hakuikumbuka ni ya nani kati ya mamia. Kilichomuuma si kwamba alikaribia kuibiwa. Alikuwa akimkumbuka mdogo wake na ule utepe, na aliona aibu, aibu nzito ya mtu mzima, ambayo hana pa kuitua.

Akamaliza kucha tatu za mama. Akavaa viatu.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili, pasi, na kiti kimoja cha wateja kilichofunikwa na rundo la nguo zilizongoja wenyewe. Fundi alikuwa akishona mkono wa gauni. Alimwona dada yake mlangoni na mguu wake haukuacha kukanyaga pedali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia."

"Nina kazi nyingi."

"Ndivyo ninavyomwambia," Mwalimu akasema.

Kiti hakikuondolewa nguo, naye hakukiomba. Alisimama kati ya pasi na mlango, mkoba umeubana kwapani.

"Nimepigiwa simu leo," akasema. "Ya benki."

Mashine ikapunguza mwendo.

"Nimemtajia kadi yote. Na namba tatu za ule ujumbe."

Mashine ikasimama. "Wewe?"

"Mimi."

Fundi alimtazama. Kama alitaka kucheka, alikuwa na haki ya kucheka, na Mwalimu alikuwa tayari kuchekwa. "Aliongea vizuri?" fundi akauliza.

"Vizuri sana."

"Pesa za mama je?"

"Zipo. Zilinusurika kwa bahati tu. Na yule wako, alikwambia nini? Neno kwa neno."

"Dada, yale nimeshayasahau. Usinirudishe huko."

"Usiwe na haraka, mama," Mwalimu akasema. Aliyasema hayo kwa sauti ya kazini, ile laini, kisha akanyamaza.

Vidole vya fundi vilikuwa juu ya kitambaa. Vilikaa hapo.

"Niko hapa mpaka tumalize," fundi akamalizia, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuwahi kuisikia. Kisha akainua macho. "Umeyajuaje?"

Nje mtu alipita na redio, ikasikika, ikapotelea mbali. Ndani hakukuwa na glasi ya maji. Kimya kilirefuka, na safari hii wa kukijaza alikuwa mmoja tu.

"Niliyaandika mimi," Mwalimu akasema. "Niliwafundisha mimi."

Fundi alikata uzi kwa meno, akalaza gauni kando ya mashine. Kisha akainuka, akaanza kuondoa nguo kwenye kiti, moja moja, akizikunja.