Shavu la Kulia

Mama aliingia kwa fundi bunduki amekumbatia shuka lililofungwa kamba, na mwanawe wa kwanza akabaki nje kwenye ngazi. "Kaa hapo," alimwambia, na tangu mazishi hakuwa amemtolea maneno marefu kuliko hayo. Pengo, mtu mzima mwenye mke na watoto, akakaa.

Jina la Pengo hakuzaliwa nalo. Magego ya upande wa kulia yalimtesa mwaka mzima, yakang'olewa yote, shavu likabonyea, na mdogo wake akampachika jina siku hiyohiyo. Mdogo mtu, Kitinda, alikuwa na mdomo usio na breki. Alimpenda kaka yake kupita kiasi, na dalili yake ni kwamba hakumpa nafasi ya kupumua.

Karibu na wakati huo, bunduki waliyoachiwa na baba yao ikaanza vituko. Ilikuwa bunduki ya kuwindia, ya mitutu miwili, na miaka yote iliwaangusha nguruwe pori waliokuja kuharibu mahindi. Sasa Pengo akilenga nguruwe, risasi zinafukua udongo chini ya tumbo lake. Mtaa mzima ukajua kwamba bunduki ya Pengo inapiga chini, na Kitinda akahakikisha hata wageni wanajua.

"Kaka yangu siku hizi hawindi, analima," aliwaambia mashemeji waliokuja kutembea. "Mkiona mashimo shambani, hakuna fuko pale. Ni yeye."

Watu walishika mbavu. Pengo akaweka kikombe chini taratibu. "Ipo siku nitakunyamazisha," akasema, na watu wakazidi kucheka. Baadaye, kaburi lilipokwisha kufukiwa, kila aliyekuwepo aliikumbuka sentensi ile, na asiyekuwepo alisimuliwa.

Ndugu hao wakanuniana. Mama yao hakuvumilia watoto aliowazaa mwenyewe wapite kwenye mlango mmoja bila kusalimiana. Alimwita Kitinda jikoni, akamkaripia huku akichambua mchele.

"Wewe ndiye mdogo na wewe ndiye uliyeanza. Nenda ukapatane naye. Lakini usiende na maneno, mwanangu, hayo maneno yako ndiyo yaliyotufikisha hapa. Funga huo mdomo, umfanyie kitu."

Kitinda alicheka, akapiga saluti kama askari. Siku chache baadaye aliomba ufunguo wa kabati ili aisafishe bunduki, na mama akampa bila kuuliza.

Kuwinda kwao kulikuwa na utaratibu wa marehemu baba yao. Mwenye bunduki husimama juu ya kichuguu ukingoni mwa shamba. Mwenzake huingia kwenye mahindi akigonga debe ili kuwatimua nguruwe, na kabla hawajatoka anajitenga pembeni. Asubuhi moja, wakiwa bado hawajapatana, nguruwe alitoka vizuri, ila Kitinda hakujitenga. Alikuja nyuma ya mnyama, ameinama, mahindi yamemfunika. Pengo akapiga. Nguruwe akatokomea mzima bila mkwaruzo, na debe likaanguka kwenye mahindi.

Polisi waliandika ajali. Mama hakuandika kitu, lakini hakulala. Pengo alimweleza mara moja tu, amepiga magoti mbele yake.

"Inapiga chini, mama. Nilichoka kuchekwa, nikajizoeza peke yangu bila kumwambia mtu. Siku hizi nalenga kiganja kizima juu ya mgongo wa nguruwe, risasi zinashuka zenyewe, zinampata. Na siku ile nilifanya vilevile."

"Basi mbona hazikushuka?"

Pengo akainamisha uso sakafuni. Na mama aliyekosa jibu hujitafutia lake, na lake lilikuwa baya. Bunduki inayopiga chini haipigi juu kwa hiari yake. Mtu ndiye aliyeinua mtutu zaidi ya kiganja, na mtu huyo alikuwa ameahidi hadharani kumnyamazisha mwenzake. Alimwogopa mwanawe, na akajichukia kwa kumwogopa. Ndiyo maana alikuja mjini, ili asikie kutoka kwa asiyemjua Pengo kama bunduki ile inaweza kupiga juu.

Fundi alikuwa mnene, mashavu yamejaa, aproni yake ya ngozi imekolea mafuta. Meza yake ilikuwa na jiliwa kubwa la kubania vyuma, na tupa zilizopangwa kwa ukubwa. Alifungua shuka, na uso ukamchangamka.

"Aa, hii naijua! Ilikuwa hapa juzi juzi tu. Vipi, kaka mtu alifurahi?"

"Kaka gani?"

"Kaka yake yule kijana mcheshi aliyeileta. Alinivunja mbavu, yule. Alisema ni siri, kaka yake asiambiwe."

Mama alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa.

"Alikuja kufanya nini?"

"Ilikuwa inapiga chini. Nikamuuliza, imeanza lini? Akasema tangu kaka yake ang'olewe magego. Yeye alisema kwa mzaha, lakini mimi sikucheka, maana jibu lilikuwa hapohapo." Fundi aliinua bunduki, akalaza shavu kwenye kitako. "Hii haina alama ya kulengea huku nyuma, mama. Jicho lenyewe ndiyo alama. Shavu likibonyea, uso unazama kwenye mti, jicho linashuka. Jicho likishuka, risasi zinashuka. Bunduki haikuwa na kosa."

"Ukafanyaje?"

"Niliichovya shingo ya kitako kwenye mafuta ya moto, mti ukalainika, nikaupindisha juu kidogo. Unene wa sarafu mbili. Kwa macho huoni kitu, hata mwenye nayo haoni. Na kwa kuwa kaka mtu hakuwepo, yule kijana akasema sura zao ni moja, akavuta shavu ndani, hivi, akawa ananilengea ukutani huku mimi napima. Tulicheka siku nzima."

"Piga nione," mama akasema.

Fundi akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza, akaona nguo nyeusi. Nyuma ya karakana kulikuwa na ukuta wa viroba vya mchanga. Akabandika karatasi yenye doa katikati, akahesabu hatua kurudi nyuma, akapiga. Chembe za risasi zilitoboa karatasi kiganja kizima juu ya doa.

"Kwa uso wangu huu wa mandazi inapanda," akasema. Akabandika karatasi nyingine. Mara hii alivuta shavu la kulia ndani hadi likabonyea, na kwa kitambo kidogo mama aliona uso wa Pengo juu ya mwili wa mtu mwingine. Mlio ukapasua ua. Doa la katikati halikuwepo tena.

"Kwa kaka mtu inapiga pale pale anapolenga," fundi akasema.

Mama alisimama mbele ya karatasi. Alipitisha kidole kwenye matundu kama anayetafuta mchanga kwenye mchele. Pengo alilenga kiganja juu ya mgongo, na risasi zikaenda kiganja juu ya mgongo. Hakuua kwa makusudi. Furaha ilimpanda kooni, furaha ya kweli, akaona aibu kuwa nayo.

"Yule kijana," akasema, "ndiye aliyekufa. Kwa hii."

Fundi aliilaza bunduki chini polepole.

"Nilimwambia, mama. Wallahi nilimwambia, mwambie kaka yako kabla hajapiga. Akasema hapana, wamegombana, na mama yao amemkataza kwenda na maneno. Akasema atamfuata nguruwe karibu kabisa, amwone mwenyewe akianguka, halafu atatoka kwenye mahindi wakumbatiane."

Mama hakulia pale. Alimshukuru fundi kwa sauti ya kawaida kabisa, akaiacha bunduki chini ilipokuwa, akatoka na shuka tupu.

Pengo alikuwa bado kwenye ngazi. Alikuwa amesikia milio miwili, na mikono ameikaza katikati ya magoti. Mama akakaa kando yake, karibu, jinsi ambavyo hakuwa amekaa tangu msiba. Akaweka kiganja chake kwenye shavu lililobonyea.

"Haikuwa inapiga chini tena," akasema. "Ilikuwa imenyooshwa. Mdogo wako aliileta hapa kwa siri, akaitengeneza kwa ajili yako. Alitaka mpatane."

Mabega ya Pengo yakaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto.

"Sasa kwa nini hakuniambia, mama? Neno moja tu. Kwa nini hakuniambia?"

Mama angeweza kunyamaza. Mwanawe asingejua kamwe, na fundi asingemfuata nyumbani kumwambia. Lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye shavu lile, na machozi yalikuwa yakipita katikati ya vidole vyake.

"Mimi ndiye niliyemwambia asiseme," akajibu.