Pindo la Sketi ya Twiga

Fundi Rula alikuwa amelala chali juu ya meza ya kukatia vitambaa, macho kwenye dari, mikono kifuani. Wateja wake wa siku zote walishazoea. Alasiri mgongo ukimkatalia, alipanda pale akajinyoosha kidogo, kisha akarudi kwenye cherehani. Mgeni akiingia akamaka, "Jamani, fundi kafa!" alijibiwa kutoka mezani kwa sauti ya uchovu, "Bado. Weka kitambaa hapo."

Jina la Rula lilitokana na mgongo huohuo. Alipokuwa na miaka kumi na minne uti ulikuwa umejipinda vibaya, madaktari wakampasua, wakaunyoosha kwa vyuma viwili vilivyoshuka toka mabegani mpaka karibu na kiuno. Vimo humo hadi leo, na yeye sasa anakaribia arobaini. Wasiojua walisema ana maringo. Fundi gani huyo, mteja akitaka kupimwa pindo anapandishwa kwenye kigoda, yeye kasimama wima kama yuko kwenye gwaride! Pini zikianguka, alizivua sakafuni kwa sumaku aliyoifunga kwenye uzi. Kueleza alishaacha. Ukimweleza huyu leo, kesho anakuja mwingine na yaleyale, na kwa kweli kueleza kulimchosha kuliko vyuma vyenyewe.

"Dada, amka bwana, nina shida."

Alikuwa mdogo wake wa kike, kaja na binti yake aliyerefuka ghafla hata shuleni wakamwita Twiga. Rula aligeukia ubavu, akashusha miguu, akajisukuma kwa kiwiko mpaka akakaa. Mdogo wake akapiga magoti bila kuombwa, akaanza kumfunga mikanda ya viatu. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu utotoni, na kila alipofika hapo aliifanya.

"Sketi ya huyu imepanda upande wa kulia," alisema huku akifunga. "Wenzake wanamcheka. Mshushie kidogo upande huo ikae sawa, kama mama alivyokuwa anakushonea wewe."

Rula alimtazama mtoto. Bega moja juu, kiuno kimehamia pembeni. Daktari alishasema mkanda wa kunyooshea mgongo hautoshi tena, uti unazidi kupinda na mtoto bado anakua, bora apasuliwe. Walitakiwa wapeleke jibu Alhamisi.

"Alhamisi si keshokutwa?"

"Hatuendi."

"Hamwendi?"

"Baba yake kaniachia mimi, na mimi nimekataa. Nafasi wampe mwingine." Mkono ulisimama kwenye kiatu cha pili. "Usiniangalie hivyo, dada. Nani aliyekuwa anakukata kucha za miguu? Nani anayesikia kila siku, mgongo unaniua, mgongo unaniua? Kijiko kikianguka huokoti. Ndiyo nimpeleke mwanangu akawe hivyo?"

Akanyanyuka kwa hasira, kiatu cha pili kikabaki wazi.

Lile neno "hivyo" lilimchoma Rula. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu aliubeba kweli mzigo wa dada yake. Kumbe malalamiko yake yote, yale ya kujitua tu, mtu alikuwa anayaweka akiba, na leo yameletwa yawe ushahidi. Alitamani alale tena mezani, wayamalize wenyewe.

Lakini aliikumbuka sketi yake mwenyewe. Mama yao alikuwa fundi hodari, na ufundi ndio uliomponza: kitu kikienda upande, yeye alirekebisha nguo. Alimshushia bintiye pindo, akamwekea pamba begani, kwa ustadi hata baba yao hakugundua. Alimpenda, masikini. Miaka miwili alimshonea, mpaka siku Rula aliposhindwa kumaliza ngazi za shule, akakaa katikati kutafuta pumzi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Rula.

"Usinitishe na methali, dada. Wewe shona."

"Hebu lete."

Mdogo wake akaitoa sketi mkobani, Rula akaitandaza mezani, akaikunja nusu kwa nusu, ncha kwa ncha. Pande zote mbili zililingana. "Umeona? Sketi haina kosa. Twiga, panda kigodani, nipe mgongo."

Mtoto akapanda. Rula alichukua chaki ya bluu, akapapasa uti wa mgongo juu ya shati jeupe la shule, na kila alipogusa pingili akatia alama. Alishuka hivyo taratibu toka shingoni, na kwa vile mtoto alikuwa juu ya kigoda, hakuhitaji kuinama. Alipomaliza alisogea pembeni.

Mdogo wake alitazama. Alama zilikuwa zimekwenda kulia, zikakata kona, zikarudi kushoto.

"Na mimi nione," alisema Twiga. Akajipinda mbele ya kioo, akaangalia juu ya bega lake. "Mama mkubwa, wakikupasua inauma?"

"Inauma sana. Halafu inapungua, lakini haiishi. Asubuhi naamka mkavu kama gogo. Siku za baridi sitaki hata kusalimiwa. Nimechoka, mwanangu, sikufichi."

"Kumbe mama kasema kweli."

"Kasema kweli nusu. Ngazi napanda mpaka juu na pumzi yangu ninayo. Nafanya kazi, nalala, nagombana na wateja. Sijawahi kujutia kupasuliwa. Ninachokijutia ni ile miaka miwili ya kushonewa. Daktari alituambia, mngemleta mapema, tungefunga vyuma kipande kifupi tu, na kuinama angeinama." Alimgeukia mdogo wake. "Mimi ndiye niliyecheleweshwa. Usinitazame mimi ukadhani ndiye yeye. Na pindo hilo sishushi, hata ukinikasirikia mpaka mwakani."

Mdogo wake alikuwa anafuta macho kwa ncha ya sketi ileile. Rula naye mgongo ulikuwa unamuwaka, akaegemea meza, kiatu kimoja kimefungwa na kimoja kinaning'inia.

"Sasa nikishafungwa vyuma," Twiga aliuliza kutoka kigodani, sauti imekuwa ndogo, "viatu vyangu atanifunga nani?"

Mama yake akatua sketi mezani. Akapiga magoti tena, akaushika ule mkanda wa kiatu uliobaki.

"Kwani mimi nimekufa?" alisema, akaufunga.