Mkate wa Kibonge

Mwoka mikate alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alizaliwa na mashavu makubwa hata pua ikawa haionekani vizuri. Bibi yake, mama mzazi wa mwoka mikate, alimtazama mara moja akasema, "Hiki kibonge!" Jina likaganda. Alipofika miaka mitano alikuwa amekonda kama ufito, lakini Kibonge akabaki kuwa Kibonge.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya tanuri, na ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa wa moto mwaka mzima. Baba alikanda na kuoka, mama aliuza dirishani, bibi alipanga trei na kuwasema wote wawili. Kila asubuhi mama alikuwa na sikio moja kwa wateja na la pili chumbani, kwa sababu asubuhi ndipo Kibonge aliposhikwa. Macho yalikimbia huku na huku, mkono ukaanza kurukaruka, kisha mwili mzima ukakakamaa. Hata siku ambazo hakuanguka, aliamka akiyumba, akitambaa na ukuta kama mtu aliye ndani ya basi linalokata kona, na maneno yakimtoka nusunusu. Dawa za kifafa alikunywa za kila rangi. Zilimletea usingizi, basi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimfariji baba. Kibonge akishakula mkate wa moto, baada ya muda anachangamka, anasimama sawa, hata anacheka. Baba alivimba kichwa. "Mkate wangu ni dawa," alikuwa akiwaambia wateja, na hakuwa anatania.

Alimwambia hivyohivyo daktari mpya wa watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Daktari akaweka kalamu chini.

"Hebu rudia hapo, Baba Kibonge. Akila anakuwaje?"

Baba akarudia. Daktari akaagiza mtoto aletwe kesho yake bila kula, apimwe damu pamoja na maji ya uti wa mgongo. Kibonge alilia kwa hilo la pili, na mama alilia zaidi yake. Majibu yalipotoka, daktari aliwakalisha wazazi wote wawili.

"Sukari kwenye damu yake iko sawa," alisema. "Kwenye maji ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo yanayouzunguka ubongo pia, ni kidogo mno. Maana yake haifiki ya kutosha kwenye ubongo. Sikilizeni. Kila seli ya mwili ina utando unaoizunguka, na sukari haiwezi kupenya hapo yenyewe. Kuna protini zilizojipachika kwenye utando huo, kazi yao ni kuipokea sukari nje na kuiingiza ndani. Ziite milango. Kibonge amezaliwa na milango pungufu ya kuingiza sukari kwenye ubongo. Akila, sukari inajaa kwenye damu na kidogo inajipenyeza, ndiyo maana anachangamka. Usiku kucha hajala, asubuhi ubongo una njaa."

Mama akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni miaka yote. "Nilikosea nini nilipokuwa na mimba yake?"

"Hukukosea kitu, mama. Ni kosa dogo kwenye vinasaba vyake, kama herufi moja iliyoruka. Hakuna aliyelisababisha."

Mama akafunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na alipoufunua alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Basi nimwongezee mikate," baba akasema, tayari kusimama.

"Kaa chini. Mkate ndio anaouacha. Wali, viazi, sukari, vyote anaviacha. Atakula mafuta. Mwili ukikosa sukari, ini huyageuza mafuta kuwa chakula kingine cha ubongo, na chakula hicho kina mlango wake. Mlango huo kwa Kibonge ni mzima kabisa."

Baba alimkodolea macho. "Daktari, mimi ni mwoka mikate."

"Najua. Harufu yako iliingia kabla yako."

Wakalazwa wodini siku kadhaa ili mtoto aanzishwe taratibu, na mtaalamu wa lishe akawafundisha kupima kila tonge kwenye mizani. Siagi, krimu, mayai, parachichi lililozamishwa kwenye mafuta. Kibonge alionja, akatema. "Sabuni," akasema, na siku hiyo neno lilitoka zima. Waliporudi nyumbani bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mtoto mnamtilia mafuta kama taa?"

"Mama, ndivyo daktari alivyosema."

"Na daktari mwenyewe anakula nini?"

Kazi ikawa hiyo. Kibonge anakaa mbele ya sahani, amebana midomo, huku harufu ya mikate ya watu wengine ikimzunguka. Baba hakuweza kuvumilia. Alikwenda tena kwa mtaalamu wa lishe, wakakokotoa pamoja, akarudi na ruhusa ya kujaribu mkate usio na hata chembe ya ngano: lozi za kusaga, ute wa mayai uliopigwa mpaka ukasimama, siagi bila huruma.

Wa kwanza ulitoka bapa. Bibi aliubonyeza kwa kidole. "Hii ni ya kula au ya kuvaa?" Wa pili ulimeguka ukiwa bado kwenye trei. Mwingine ulivimba vizuri, watu wakashangilia, kisha ukakaa chini polepole mbele yao kama mtu aliyechoka kusubiri. Mwoka mikate aliyekuwa akioka gunia zima la unga akiwa amefumba macho sasa alikuwa anapiga magoti mbele ya tanuri, anachungulia mkate mmoja mdogo kama ngumi. Ikawa bibi naye anapiga magoti pembeni yake. "Punguza moto, mwanangu, unauharakisha," akanong'ona, kana kwamba mkate utasikia na kukasirika.

Hatimaye mmoja ulivimba na haukushuka. Ulikuwa wa kahawia juu, laini ndani. Kibonge aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akauma. Walisubiri atafune.

"Mwingine," akasema.

Mizani haikuruhusu mwingine, lakini baba alitoka nje kidogo, akasema moshi umemwingia machoni.

Wiki zikapita. Kushikwa kukapungua, kisha kukawa adimu, kisha mama akagundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho. Hakuthubutu kulisema kwa sauti. Halafu asubuhi moja dirisha likiwa limejaa wateja, mlango wa nyuma ukafunguka, na Kibonge akaingia peke yake, pekupeku, nywele zimesimama, hajala kitu tangu jana. Hakushika ukuta. Alipita katikati ya chumba, kati ya meza na tanuri, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, mkate wangu uko wapi? Nina njaa mimi!"

Trei ikamponyoka baba, mikate ikatawanyika sakafuni hadi miguuni kwa bibi. Hakuna aliyeiokota. Mama alitoka dirishani akawaacha wateja na chenji zao mikononi, akamwinua mtoto juu, na bibi akawazungukia wote wawili akipiga makofi na kusema, "Ameingia kwa miguu yake! Mmemwona? Kwa miguu yake!" Mteja mmoja mzee aliinamia dirisha akauliza kuna nini, akaambiwa mtoto ametembea, akashangaa kwa nini watu wanalia kwa hilo, kisha na yeye akaanza kutabasamu.

Milango ile haikupona, na daktari hakuwaficha. Chakula hicho ni cha miaka mingi, yako maneno ambayo bado yanampiga chenga Kibonge, na mizani haikai kabatini. Siku ya kliniki, daktari alimwonyesha mstari wa vigae kwenye korido.

"Tembea juu ya mstari huu, kisigino kiguse kidole. Polepole."

Kibonge aliutazama mstari. Akautazama urefu wa korido, mtupu, unang'aa. Akakunja gauni mkononi akatimua mbio, viatu vikipiga pa-pa-pa, mpaka mwisho kabisa, akageuka akarudi kwa kasi ileile.

"Jamani, hakuna kukimbia hapa!" muuguzi akafoka kutoka mlangoni.

"Mwache," daktari akasema. "Hebu mwache kwanza."

Naye Kibonge, bila kungoja kuambiwa, akaanza mzunguko wa pili.